Jina la Kumi na Mbili

Baba alikufa Jumanne, ghala la ushirika limejaa korosho,
na wa kwanza kupewa habari hakuwa mimi niliyemfumba macho.
Walipiga simu Masasi, stendi, duka la vipuri vya pikipiki:
Ladislausi, njoo Mnavira, mjomba wako amelala.

Mimi nilimwosha. Miaka minne nilimwosha,
mgongo, vidole, zile chale za usoni
zilizofifia kama maandishi ya penseli.
Nilimsomea barua za mtendaji, muhuri wa zambarau,
zilizomwita "mzee maarufu", si Mwene,
maana serikali ilifuta neno hilo kabla sijazaliwa
naye hakuomba lirudishwe.
"Unga hausomi Gazeti la Serikali," alisema,
akacheka, akakohoa, nikamshika kifua.

Sikudai kitu. Kwetu mtoto wa kiume
ni mgeni aliyezaliwa ndani ya nyumba.
Damu hupita kwa dada, kama maji ya Ruvuma
chini ya mchanga wakati wa kiangazi:
juu huoni kitu; fukua kwa mkono, yapo.
Hilo nalijua tangu jandoni.
Kulijua ni kitu kimoja.

Ladislausi akashuka kwenye bodaboda ananuka grisi,
shati jipya, lebo ya bei imesahauliwa kolani.
Shangazi Asunta, apwiamwene,
mwenye kikapu cha unga wa mtama kisichoguswa na mwanamume,
alimtazama kama mtu anayepima kitambaa.
Yeye ndiye hutawaza. Sisi wengine tunabeba viti.
Nilibeba viti. Vya plastiki, vya bluu, vya kukodi.

Alasiri mrithi akanifuata nyuma ya jiko.
"Kaka, jioni nitayataja majina ya makaburi. Siyajui.
Mama alikufa mapema, na mjomba alinifundisha
siku mbili tu, Pasaka ile ya mvua."
Akatoa simu ayaandike. Nikamwambia, zima hiyo.

Nikampa Nakoma, aliyekuja na mbuzi watatu.
Nikampa Natepo, aliyekataa kubeba mizigo ya Mjerumani.
Muluza. Nakoma wa pili, kiziwi, mwamuzi mzuri kuliko wote.
Nikampa hadi kumi na moja.
La kumi na mbili
nililimeza na mate.

Shangazi akamimina unga kichwani pa kaburi,
kidogo kidogo kati ya vidole, kilima chembamba,
ncha kama ya mwiba. Ladislausi akataja, sauti imara.
Bakuli likafunikwa. Watu wakaenda kulala.
Mimi nilikwenda tu.

Asubuhi bakuli likainuliwa:
upande wa mashariki kilima kimemeguka.
Mmoja akasema mchwa. Mwingine akasema umande.
Shangazi hakumtazama mrithi. Alinitazama mimi,
muda wa kumenya korosho moja ya moto,
kisha akauliza, kwa sauti ya kuomba chumvi,
"Nani alimfundisha?"

Jina lile ni la mwanamke.
Alivuka mto mjamzito, kikapu kichwani,
na mume wake hatajwi popote.
Kwake wanaanzia wote wenye ukoo huu; mimi simo,
mimi ni wa kwao mama, ng'ambo ya Lukuledi.
Baba alininong'oneza usiku wa mwisho
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu iliyobaki,
na sikuwa na kitu kingine chake.

"Nantumbi," nikasema.
Ladislausi akalirudia, akalikosea. Nikamsahihisha.
Akalirudia.

Unga mwingine. Usiku mwingine.
Viti vikaongezwa kodi ya siku moja, nililipa mimi.
Kilima kilisimama, ncha yake haikupungua hata chembe,
na wanawake wakaanza vigelegele kabla shangazi hajainua mkono.

Kabla hajaitwa Mwene nilimvuta kando,
nikaing'oa ile lebo kolani.
Shilingi elfu kumi na nane.
Ninayo mfukoni.